Kilichomo Ndani ya Kibaba: Molekuli za Uhai na Chakula cha Njia ya Tabora

Katika karne ya kumi na tisa Tabora ilikuwa njia panda ya biashara ya bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, na hapo njia ikagawanyika: moja ikaelekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, kila kitu kilichopita katika njia hiyo kilichukuliwa na binadamu mabegani au kichwani. Wapagazi, na hasa Wanyamwezi waliosifika kwa kazi hiyo, walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo 32, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 800.

Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Mara nyingi alipewa nguo au shanga, naye akanunua nafaka hiyo vijijini, lakini hesabu ilikuwa ileile: mtu mmoja, siku moja, kibaba kimoja. Uzito wake ulikuwa kiasi cha ratili moja na nusu, au gramu 680. Hata leo tunasema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini je, kibaba kikishajaa, kimejaa nini? Kibaba cha mtama na kibaba cha unga wa muhogo huonekana sawa machoni na hulingana karibu sawa katika mizani. Ndani ya mwili, hata hivyo, vibaba hivyo viwili ni vitu tofauti kabisa.

Makala haya yanakusudia kueleza tofauti hiyo. Tutaangalia aina kuu za molekuli zinazojenga viumbehai na chakula, kisha tutarudi kwenye kibaba cha mpagazi na kukifanyia hesabu.

KABONI, MSINGI WA VYOTE

Tuanze na jaribio dogo. Weka unga kidogo katika kijiko cha bati ambacho hukitumii tena, ukichome juu ya moto. Unga utageuka kahawia, utatoa moshi, na mwishowe utabaki mweusi. Fanya hivyohivyo kwa kipande cha nyama, kwa punje ya karanga, na kwa asali. Vyote vitakuwa vyeusi. Sasa jaribu chumvi. Chumvi itapasukapasuka kwa joto, lakini haitakuwa makaa hata ukiichoma kutwa nzima.

Weusi ule ni kaboni, elementi ileile iliyomo katika mkaa. Chumvi haina kaboni. Chumvi ya Uvinza, ambayo watu wameichemsha kutoka katika chemchemi za karibu na mto Malagarasi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ambayo ilikuwa bidhaa kubwa ya njia hii, ni muungano wa sodiamu na klorini tu. Mwili unaihitaji, lakini haikutengenezwa na kiumbe hai, wala haiwezi kuungua na kutoa nguvu.

Hapo zamani mabingwa wa kemia walidhani kwamba kampaundi za kaboni zilizomo katika viumbe haziwezi kutengenezwa ila na uhai wenyewe. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler alitengeneza yurea katika maabara kwa kutumia kampaundi isiyotoka katika kiumbe chochote. Yurea ni molekuli iliyomo katika mkojo wa binadamu na wanyama, nayo ndiyo hiyohiyo inayouzwa leo kwa wakulima kama mbolea. Tangu wakati huo ilianza kueleweka kwamba molekuli za uhai hufuata kanuni zilezile za kemia zinazofuatwa na mawe na chumvi. Kinachozipambanua ni kaboni.

Kwa nini kaboni? Kwa sababu kila atomu ya kaboni ina nafasi nne za kushikana na atomu nyingine, na zaidi ya hayo atomu za kaboni huweza kushikana zenyewe kwa zenyewe na kufanya minyororo mirefu, matawi na pete. Ni kama watu wenye mikono minne kila mmoja: wanaweza kushikana katika mistari na duara za namna nyingi, na bado wakabaki na mikono ya kushikia vitu vingine. Vitu hivyo vingine ni vichache. Katika mwili wa binadamu, oksijeni, kaboni, haidrojeni na naitrojeni peke yake hufanya asilimia 96 hivi ya uzito wote. Tunamwomba msomaji aikumbuke hiyo naitrojeni, kwa maana tutakuja kuona kwamba hatima ya kibaba inategemea hiyo.

KABOHAIDRETI: SUKARI, WANGA NA MTI

Aina ya kwanza ya molekuli za chakula ni kabohaidreti. Hizi zina kaboni, haidrojeni na oksijeni tu. Iliyo muhimu kuliko zote ni glukosi, ambayo molekuli yake moja ina atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Glukosi ndiyo sukari inayozunguka katika damu na kutumiwa na seli kama mafuta ya taa yanavyotumiwa na taa.

Watu wa Tabora wanaijua sukari hii katika umbo lake tamu kuliko yote, yaani asali. Nyuki hukusanya maji matamu ya maua ya miombo, ambayo kwa sehemu kubwa yana sukrosi, sukari iliyo sawa na ile ya miwa. Kila molekuli ya sukrosi ni glukosi moja iliyoshikana na fruktosi moja. Nyuki huchanganya maji hayo na kimeng'enya kinachovunja kiungo hicho, kisha hupepea kwa mabawa mpaka maji mengi yakauke. Asali iliyokomaa huwa na fruktosi kiasi cha asilimia 38, glukosi asilimia 31, na maji asilimia 17 hivi. Kwa kuwa molekuli zake zimekwisha kuvunjwa na nyuki, asali huingia katika damu upesi sana.

Mmea, hata hivyo, hauhifadhi chakula chake kama glukosi. Hushikanisha maelfu ya molekuli za glukosi katika mnyororo, na mnyororo huo ndio wanga. Mtama, mahindi, mchele, viazi vitamu na muhogo vyote ni maghala ya wanga. Tunapotafuna ugali, vimeng'enya vya mate huanza kuukata mnyororo, na kazi humalizikia tumboni, ambako wanga hurudia kuwa glukosi. Ndiyo maana ugali uliotafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa na utamu.

Hapa iko ajabu moja inayostahili kufikiriwa. Mti wa miombo ambao gome lake hutengenezewa mzinga wa nyuki nao pia kwa sehemu kubwa umejengwa kwa glukosi. Minyororo ya glukosi katika mti huitwa selulosi. Tofauti ya wanga na selulosi si katika atomu, bali ni katika namna kiungo kati ya glukosi na glukosi kilivyogeuzwa. Katika wanga, glukosi zote hutazama upande mmoja; katika selulosi, moja hutazama huku na inayofuata hutazama kule. Kwa sababu ya mgeuko huo tu, minyororo ya selulosi hulala sambamba na kukazana kama nyuzi za kamba, na vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuikata. Ng'ombe huweza kula majani, na mchwa huweza kula mti, kwa sababu matumboni mwao wanaishi vijidudu vinavyowasaidia kukata viungo hivyo. Mpagazi mwenye njaa aliweza kupita wiki nzima katikati ya msitu uliojaa glukosi asipate hata punje moja ya kumfaa.

MAFUTA: GHALA DOGO LENYE MALI NYINGI

Aina ya pili ni mafuta. Nayo yana kaboni, haidrojeni na oksijeni, lakini oksijeni yake ni kidogo sana. Molekuli moja ya mafuta ina kichwa cha gliserini kilichoshikwa na minyororo mitatu ya asidi za mafuta, kila mmoja ukiwa na kaboni 16 au 18 kwa kawaida. Kwa kuwa minyororo hiyo imeungana na oksijeni kidogo tu, bado ina mengi ya kuungua. Gramu moja ya kabohaidreti au ya protini huupa mwili kilokalori 4 hivi. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Ndiyo maana wanyama, ambao hulazimika kutembea na akiba yao, huiweka katika mafuta, na mimea mingi huweka mafuta katika mbegu, ambayo ni sehemu inayosafiri.

Umbo la minyororo ndilo huamua kama mafuta yataganda au yatatiririka. Mawese ya Ujiji na Kigoma yana asidi ya palmitiki kiasi cha asilimia 44, nayo ilipewa jina kutokana na jamii ya michikichi na minazi. Mnyororo wake umenyooka, kwa hiyo molekuli hupangana vizuri na mawese huganda wakati wa baridi. Mafuta ya karanga yana asidi hiyo asilimia 10 tu au zaidi kidogo. Minyororo yake mingi ina kigoko katikati, haipangani, na mafuta hubaki majimaji. Mawese mabichi yana jambo lingine tena: wekundu wake ni karotini, molekuli ambayo mwili huibadili kuwa vitamini A, mlinzi wa macho. Mwekundu wa namna hiyo umo pia katika embe bivu, na miembe mikongwe bado inaonekana Tabora na Ujiji kama alama ya njia ya misafara.

Historia ya mkoa huu inaonyesha jinsi molekuli hii inavyoweza kutikisa serikali. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ilianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika kwa mashine, katika sehemu tatu: Kongwa, Nachingwea, na Urambo, nchi iliyokuwa makao ya Mtemi Mirambo. Karanga ilichaguliwa kwa sababu karibu nusu ya uzito wa punje yake ni mafuta. Lakini waliopanga walizijua vizuri molekuli za karanga kuliko udongo na mvua za nchi yenyewe. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Wakulima wadogo wa Unyamwezi, ambao walikuwa wakilima karanga pamoja na mtama na njugu mawe kabla ya mpango huo, waliendelea kuzilima baada yake.

Nta ya nyuki, ambayo Tabora imeiuza nchi za nje tangu zama za ukoloni, ni ndugu wa mafuta. Yenyewe huwa na asidi ya mafuta iliyoshikana na mnyororo mwingine mrefu badala ya gliserini. Huzuia maji na huwaka vizuri katika mshumaa, lakini tumbo la binadamu haliwezi kuimeng'enya ipasavyo.

PROTINI: MAHALI NAITROJENI INAPOINGIA

Molekuli tulizozitaja mpaka sasa huunguzwa mwilini na kutoa nguvu. Mwili huweza hata kubadili moja kuwa nyingine: anayekula wanga kupita mahitaji yake hunenepa, kwa sababu kaboni ya wanga hupangwa upya ikawa mafuta. Lakini yako mabadiliko ambayo mwili hauwezi kuyafanya, hata ukipewa wanga kiasi gani.

Msuli uunyanyuao mzigo ni protini. Hemoglobini inayobeba oksijeni katika damu ni protini. Vimeng'enya karibu vyote ni protini, na vivyo hivyo nywele, kucha na ngozi. Hata pembe ya ndovu, bidhaa ambayo pamoja na biashara ovu ya watumwa ndiyo iliyoifanya njia hii ikanyagwe kiasi kile, ni protini iitwayo kolajeni iliyoshikamana na madini ya kalsiamu na fosfeti. Mpagazi aliyekosa nyama aliweza kuwa na kilo kadhaa za protini begani mwake, isiyolika.

Protini nazo ni minyororo, lakini pete za mnyororo wake si za namna moja kama glukosi katika wanga. Kuna asidi amino za namna 20, na kila moja ina naitrojeni. Mbili kati yake, methionini na sisteini, zina salfa pia. Kama vile herufi chache zinavyoweza kuandika kila neno la Kiswahili, asidi amino 20 huweza kuandika protini zisizo na idadi. Mwingereza Frederick Sanger alikuwa wa kwanza kuusoma mpangilio kamili wa herufi hizo katika protini moja, insulini, kazi aliyoikamilisha mwaka 1955 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1958.

Mwili wa binadamu huweza kujitengenezea baadhi ya herufi hizi kutokana na nyingine. Tisa hauwezi kuzitengeneza. Ni lazima zitoke katika chakula. Hizo huitwa asidi amino za lazima. Jengo la protini hufuata kanuni kali: kama herufi moja imekwisha, neno haliandikwi, hata herufi nyingine zikiwa tele. Zilizobaki huvunjwa, kaboni yake huunguzwa, na naitrojeni yake hutolewa katika mkojo ikiwa yurea. Katika mtama na mahindi, herufi inayokwisha kwanza huwa ni laisini.

Mpangilio wa protini zote za kiumbe umeandikwa katika aina ya nne ya molekuli, yaani asidi za kiini, ambazo Mswisi Friedrich Miescher alizigundua mwaka 1869, siku zilezile ambazo misafara ilikuwa ikipita Unyanyembe. Ziko katika kila seli hai, na kwa hiyo ziko katika kila chakula kitokanacho na kiumbe. Lakini mwili hujitengenezea zake wenyewe, hivyo hatuna haja ya kuzihesabu katika kibaba.

HESABU YA KIBABA

Sasa tunaweza kukifungua kibaba. Tuchukue kijana mwembamba wa kilo 60, anayebeba kilo 32 na kutembea saa tano kwa siku. Kazi hiyo humhitaji apate zaidi ya kilokalori 3,000. Kibaba cha mtama, gramu 680, humpa kilokalori 2,300 hivi. Upungufu ni 700 kila siku.

Mwili hulipa deni hilo kutoka katika akiba. Wanga uliohifadhiwa katika ini na misuli ni kama nusu kilo tu, na huisha upesi. Kisha huja zamu ya mafuta. Kilokalori 700 ni sawa na gramu 78 za mafuta. Msafara uliotumia miezi mitatu kufika Tabora ungemgharimu kijana huyo kilo 7 za mafuta, naye kwa wembamba wake hana zaidi ya kilo 6 au 7 mwilini mzima. Kabla hazijaisha zote, mwili ungekuwa umeanza kuunguza misuli, yaani kuvunja nguzo za nyumba ili kupata kuni za kupikia. Na msafara uliweza kuchelewa kuliko hivyo. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, sehemu ya Tabora ya wakati ule, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 njiani.

Tuiangalie sasa protini. Mtama una protini asilimia 10 hivi, kwa hiyo kibaba kina gramu 68. Kwa idadi, hizo zingetosha. Lakini laisini katika protini ya mtama ni asilimia 2 tu, sawa na gramu 1.4 katika kibaba kizima, na mtu mzima wa kilo 60 anahitaji gramu 1.8 kwa siku. Zaidi ya hayo, protini ya mtama ikipikwa huwa ngumu kumeng'enywa, kwa hiyo si laisini yote inayofika katika damu. Kibaba kimejaa, na bado herufi moja imepungua.

Tufanye badiliko moja dogo. Tuondoe gramu 100 za mtama, tuweke gramu 100 za kunde kavu. Uzito wa kibaba haukubadilika, na nguvu yake ni karibu ileile. Lakini laisini imepanda kutoka gramu 1.4 hadi gramu 2.7 hivi, kwa maana kunde, maharage, choroko na njugu mawe zina laisini nyingi. Kwa upande wake, jamii hiyo ya kunde ina upungufu wa asidi amino zenye salfa, na hizo zimo za kutosha katika mtama. Kila kimoja hutoa herufi ambayo mwenzake hana. Akina mama wa Unyamwezi waliopanda njugu mawe kando ya mtama, na kula ugali pamoja na kunde, walikuwa wakiitimiza kanuni hii miaka mingi kabla kemia haijaieleza. Wapagazi nao walitafuta nyama, kunde, karanga na asali kila walipoweza. Hawakuishi kwa kibaba kitupu, na waliolazimika kufanya hivyo walidhoofika.

KIBABA CHA MUHOGO

Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno, na ukaenea bara kidogokidogo. Wakati wa ukoloni wakulima wengi wa Tanganyika walilazimishwa kuupanda kuwa akiba ya njaa, na kwa hakika umeokoa maisha mengi. Hustahimili ukame, na nzige hawawezi kuila mizizi iliyo ardhini. Lakini jaza kibaba unga wa muhogo mahali pa mtama, ukafanye hesabu upya. Nguvu ni karibu ileile. Protini imeshuka kutoka gramu 68 hadi gramu 10.

Hatari haiishii hapo. Muhogo, hasa ule mchungu, una molekuli iitwayo linamarini, ambayo ni glukosi iliyofungwa pamoja na sianidi. Mzizi ukikatwa au kutwangwa, kimeng'enya cha mmea wenyewe hufungua fundo hilo na sumu ya sianidi hutoka. Kumenya, kuloweka kwa siku tatu, na kuanika juani vizuri huiondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Inayobaki, mwili huishughulikia kwa njia moja kuu: huishikanisha na atomu ya salfa, ikapoteza makali yake na kutoka katika mkojo. Na salfa hiyo hutoka wapi? Katika methionini na sisteini, asidi amino za protini.

Msomaji ameona basi jinsi mtego ulivyotegwa. Anayekula muhogo peke yake hupokea sumu, na papo hapo hunyimwa salfa ya kuiondolea sumu hiyo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, maradhi ya konzo yalizuka katika wilaya ya Tarime miongoni mwa watu waliokula muhogo mchungu usiolowekwa ipasavyo. Konzo, ugonjwa uliotangulia kuelezwa na daktari mmoja nchini Kongo mwaka 1938, hupoozesha miguu ghafla, nayo haiponi tena. Huwapata zaidi watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa. Wahanga wa Tarime hawakukosa chakula cha kujaza kibaba.

MATUMIZI NYUMBANI

Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwafikia wananchi wengi wa Tanzania, na mwaka 1975 ikafuatwa na Chakula ni Uhai. Wakati ule ilifundishwa kwamba kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Mgawanyo huo bado ni wa kweli, na sasa msomaji anaweza kuona kemia iliyo nyuma yake. Uchunguzi wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 hivi katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi, yakiwemo maradhi ya kuhara na hali ya mama wakati wa mimba, lakini mojawapo ni uji wa nafaka au wa muhogo mtupu unaomshibisha mtoto bila kumpa laisini, salfa, mafuta na vitamini anazohitaji. Tumbo la mtoto ni dogo; haliwezi kufidia upungufu wa aina kwa kuongeza wingi.

Kilichomo katika mapishi kinaweza kuchunguzwa kwa vitu vya kawaida:

Wanga. Dondoshea chakula tone la ayodini, dawa ya kahawia ipakwayo vidondani. Penye wanga patageuka buluu iliyokoza. Usile chakula hicho tena.

Mafuta. Sugua punje iliyopondwa juu ya karatasi nyeupe, uiache ikauke, kisha uitazame kwenye mwanga. Doa la maji litatoweka; doa la mafuta litabaki na kupitisha mwanga.

Protini. Choma chakula kidogo. Harufu kama ya nywele au unyoya unaoungua ni dalili ya protini nyingi.

Ukiujaribu unga wa muhogo kwa njia zote tatu, utapata jibu la kwanza kwa nguvu sana, na la pili na la tatu karibu hutalipata. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, njugu mawe, kunde, karanga na kumbikumbi wa mwanzo wa mvua watajibu pale ambapo muhogo umenyamaza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Wanga na selulosi vyote vimetengenezwa kwa glukosi. Eleza kwa nini mbuzi hunenepa kwa majani makavu na mtu hawezi.

2. Mkulima anasema: "Nitakula ugali maradufu, nipate protini maradufu." Kauli yake ina kweli gani kwa mtama, na inakosea wapi kwa mtoto mdogo?

3. Familia ina vibaba vinne vya unga wa muhogo kwa siku. Kwa kutumia tarakimu zilizo katika makala haya, kadiria protini iliyomo. Kisha kadiria tena kama kibaba kimoja kitabadilishwa kwa kunde kavu, ambazo protini yake ni asilimia 23 hivi.

4. Pima kwa mizani chakula chote kinachopikwa nyumbani kwako kwa siku moja, ukiandika kila aina peke yake. Ni sehemu gani ya uzito huo iliyo wanga? Naitrojeni inaingia nyumbani mwako kwa kupitia chakula gani, na mwezi gani wa mwaka chakula hicho huadimika?